Kizibao cha Pilvi

Kilichomfanya Aili Torvinen aanze kumshuku jirani yake mpya kilikuwa mnyororo. Msitu wa marehemu Heikkinen haukuwa umewahi kufungwa. Babu yake Aili alipita humo, baba yake alipita humo, na yeye mwenyewe alipita humo tangu yuko shule, akiwinda kwale kando ya kijito, na Heikkinen akimwona alikuwa anauliza tu kama kwale wa mwaka huu wamenenepa. Sasa Heikkinen amekufa, wanawe wameuza, na aliyenunua ni mtu wa chini ya Daraja. Huku kaskazini mtu wa chini ya Daraja ni yeyote aliyezaliwa upande wa kusini wa lile daraja refu, na akishakuwa hivyo basi hata aishi huku mpaka mvi zimtoke puani, atazikwa akiitwa hivyo hivyo. Huyu aliitwa Curtis Dombek. Hakumaliza hata mwezi, akachimbia nguzo mbili kwenye mdomo wa njia, akafunga mnyororo, na juu yake akatundika kibao cha kuwakataza watu kupita.

Aili alikuwa mjane aliyekwisha kuvuka sitini, mfupi, mkavu, mwenye mdomo. Nusu ya wanaume wa kijiji chao, Njiapanda ya Hakala, walipita mikononi mwake walipokuwa watoto, kwa sababu yeye ndiye aliyefundisha darasa la usalama wa uwindaji, na bila cheti chake hakuna mtoto aliyepata kibali cha kushika bunduki msituni. Aliwafundisha kwamba msimu wa kulungu ukifunguliwa, mwindaji wa kwale ni mgeni katika nyumba ya watu na ajiheshimu kama mgeni. Avae rangi ya chungwa inayong'aa, yeye na mbwa wake. Mbwa afungwe kengele. Asiingie msituni alfajiri wala jioni, kulungu wanapotembea na watu wamekaa kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu vya kuotea, wakiwangoja. Aingie mchana kweupe, wenzake wanapokula. Akikuta gari la mtu limeegeshwa kwenye mdomo wa njia, aende kwingine bila kununa. Akimwona mwindaji kwa mbali asipunge mkono wala asipige mluzi, aseme kwa sauti ya binadamu. Aliyesahau mojawapo kwenye mtihani alirudi nyumbani akilia, hata kama baba yake ni nani.

Basi yeye mwenyewe hakutaka kuwa wa kwanza kukosa adabu. Kabla msimu haujafunguliwa alioka mkate mtamu wa iliki, akampakia mbwa wake Pilvi kwenye pikapu, akaenda kubisha kwa Dombek. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Aili alimweleza kwamba yeye ni mwindaji wa kwale, kwamba atakuwa akitembea ng'ambo ya kijito kwenye msitu wa serikali, saa nne mpaka saa nane mchana tu, na kwamba mbwa wake huenda akavuka kijito kidogo maana mbwa hasomi vibao. Akauliza dungu la bwana liko upande gani ili asije akamharibia windo.

Dombek alikuwa akimtazama Pilvi.

"Huyo ndiye mbwa?"

"Ndiye."

"Mweupe wote hivyo?"

"Ana kizibao cha rangi ya chungwa. Na kengele."

"Na mkia je?"

"Mkia hauvalishwi, bwana," alisema Aili.

Dombek aliitikia kwa kichwa polepole, akasema sawa, akafunga mlango. Mkate ulibaki mikononi mwa Aili. Aliurudisha kwenye gari, akamega kipande akampa Pilvi, na njia nzima alikuwa akilitafuna kichwani lile swali la mkia. Kulungu wa huku akishtuka huinua mkia, na chini ya mkia ni weupe mtupu. Ule weupe ndio unaosakwa na kila jicho lililoko kwenye dungu. Mkia wa Pilvi ulikuwa mrefu, wenye manyoya, mweupe, na hautulii. Kwa nini mtu aulize habari za mkia wa mbwa kama hana jambo moyoni?

Msimu ulifunguliwa katikati ya Novemba, na shule zilifungwa siku hiyo, maana hata zisingefungwa walimu wenyewe wasingefika. Siku ya kwanza Aili alikaa nyumbani, kama mwindaji yeyote wa ndege mwenye akili. Siku iliyofuata jua lilipopanda alishuka na Pilvi ng'ambo ya kijito, bunduki ya marisau begani, kofia na koti vyote rangi ya chungwa, mbwa naye katika kizibao chake. Kengele ililia vizuri vichakani, mara hapa, mara pale. Kisha ikanyamaza.

Kengele ikinyamaza ni habari njema. Mbwa amemnusa kwale na ameganda, na mwenye bunduki aende akamwinue ndege. Aili alikwenda. Hakumkuta mbwa wala kwale. Akangoja, kengele isilie. Akaita kwa sauti, jambo ambalo halifanywi katika msimu wa kulungu, na hakujali. Aliita mpaka koo likakauka. Muda mrefu baadaye Pilvi akatokea upande wa kijito, ameloa, anatetemeka, mweupe kama alivyozaliwa. Hakuwa na kizibao wala kengele.

Aili alivua kofia yake akaifunga shingoni mwa mbwa kwa kamba ya kiatu. Kisha akamshika na kutembea naye akisema kwa sauti kubwa njia nzima, maneno yoyote yale, ili kila mwenye bunduki ajue kwamba hapo anapita mtu.

Kesho yake asubuhi alikiona kizibao. Kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo ya mnyororo wa Dombek, kengele ikiwa bado imeshikizwa, kimekunjuliwa vizuri ili kila apitaye barabarani akione. Kamba yake ya kifuani ilikuwa imekatwa. Haikuchanika, ilikatwa kwa kisu, mara moja, na mtu mwenye mkono thabiti.

Aili alikaa garini bila kuzima injini. Alipokuwa msichana mdogo, baba yake alikuwa na mbwa aliyeitwa Musti, mbwa mzuri mwenye kasoro moja, kwamba alipenda kukimbiza kulungu. Huku mbwa anayekimbiza kulungu hana mtetezi. Siku moja ya Novemba ukosi wa Musti ulikutwa umetundikwa kwenye nguzo ya lango lao, na mbwa mwenyewe hakuonekana tena. Baba yake aliuchukua, akauweka mfukoni, akaenda kuota moto. Hakuuliza ni nani, na hakuna aliyekuja kuomba radhi. Kila mtu wa rika la Aili alijua maana ya kitu cha mbwa kilichotundikwa kwenye nguzo, na hapakuwa na haja ya kuongeza neno.

Alikipeleka kizibao dukani kwa Onni Haapala. Duka la Onni lilikuwa na pampu mbili za petroli mbele, kinamasi nyuma, na birika la kahawa ndani lililochemka tangu alfajiri, na hapo ndipo habari zote za Hakala zilipopikwa. Onni alikigeuzageuza kizibao juu ya kaunta, akapitisha kidole kwenye ile kamba.

"Kisu," alisema.

"Nimeona."

"Wa zamani hawakuonya, dada Aili. Walipiga tu. Huyu amekupa nafasi, ushukuru." Akainama karibu. "Halafu jana jioni alikuja hapa. Anauliza yule mama mwenye mbwa mweupe anakaa wapi."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia kahawa imekwisha."

Wanaume waliokuwa wamesimama kuzunguka birika walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu Aili hakucheka. Aliwaambia yote, mnyororo, mkia, kizibao. Aliwaambia kwamba mtu huyo anataka kumuua mbwa wake, na kwamba amemvua Pilvi rangi ya chungwa makusudi ili ampige mchana kweupe kisha aseme alidhani ni kulungu. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia darasani, na watu waliofundishwa na sauti hiyo utotoni hawakuwa na tabia ya kuibishia.

Habari ilitembea. Mwenye bucha alisemekana kumwambia Dombek kwamba jokofu limejaa, asimletee nyama msimu huu, ilhali kila mtu alijua ni tupu. Gari la Dombek lilikutwa halina upepo kwenye tairi moja nje ya ukumbi wa kanisa. Akiingia dukani, mazungumzo yalikatika. Aili aliposikia haya, tusimfichie, alifurahi. Lakini usiku hakulala. Alimfungia Pilvi ndani, mbwa akawa analia mlangoni, ndege wamejaa vichakani, na Aili akawa anachungulia dirishani kila gari lilipopunguza mwendo. Alikuwa na mbwa huyo mmoja tu duniani, na hakuwa tayari kuweka ukosi mfukoni kama baba yake.

Alimpigia simu askari wa wanyamapori. Askari alisema kizibao kilichokatwa si kosa la jinai. Amletee kitu cha kuonekana. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia. Angekwenda mwenyewe kule kwenye kijito akaone Dombek anamwotea mbwa wake mahali gani. Angekwenda jioni, Dombek akiwa kwenye dungu, maana hapo ndipo angejua amekaa akielekea wapi. Na kwa kuwa hakutaka aonekane, hangevaa rangi ya chungwa.

Alilitazama hilo la mwisho kwa muda mrefu, amesimama mbele ya misumari ya kutundikia nguo. Akajiambia ni mara moja tu, tena yeye si mtoto, tena msitu huo anaujua kuliko viganja vyake. Akavaa koti la kahawia la kuendea zizini. Pilvi alimfuata mpaka mlangoni, akafungiwa.

Alivuka kijito jua likiwa limeinama. Theluji ilikuwa nyembamba, laini, haina kelele. Alitembea kama watembeavyo watu wasiotaka kusikika, hatua mbili, anasimama, anasikiliza, hatua mbili tena, na hakufikiri hata kidogo ni mnyama gani anatembea hivyo. Mbali kidogo kati ya mierezi aliliona dungu, kibanda cha mbao juu ya miguu minne, dirisha lake jeusi. Hakuweza kuona kama kuna mtu. Alijipenyeza chini zaidi, ameinama, mpaka akafika mahali ukingo wa kijito ulipovurugika.

Kulikuwa na waya. Waya wa mtego wa mbweha, wa zamani, umeota kutu, umefungwa kwenye shina la mwerezi na mtu ambaye pengine alikufa kabla ya Heikkinen. Kitanzi chake kilikuwa kimekaza. Ndani ya kitanzi palinasa nyuzi za rangi ya chungwa na kishungi cha manyoya meupe. Matope ya ukingoni yalikuwa yamechimbwa na makucha pande zote, kisha yakaganda hivyo hivyo kwa baridi, na katikati ya alama za makucha palikuwa na mashimo mawili ya mviringo, moja kando ya lingine. Aili aliyatazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Yalikuwa magoti ya mtu.

Mtu alipiga magoti kwenye matope yenye maji ya barafu akamshika mbwa aliyekuwa akinyongwa, mbwa asiyemjua, anayeuma kwa hofu, na kwa kuwa waya ulipita chini ya kamba ya kizibao alikata kamba. Mbwa alikimbia. Kizibao kikabaki mikononi mwake. Akakipeleka mahali ambapo mwenyewe angekiona.

Aili aliona aibu ikimpanda usoni kama homa. Pua ilikuwa ikimtiririka kwa baridi, akatoa leso mfukoni akajifuta. Ilikuwa leso nyeupe. Katika darasa lake mtoto aliyetoa leso nyeupe msituni mwezi wa Novemba hakuwa na haja ya kumaliza mtihani.

"Sema!"

Sauti ilitoka juu, ilikuwa sauti ya mtu anayelia.

"Sema kitu! Kama wewe ni mtu, sema!"

"Ni mtu," alisema Aili. Akasema tena kwa nguvu, "Ni mtu! Ni Aili Torvinen, mwenye mbwa."

Alisikia chuma kikigonga mbao, kisha miguu ikishuka ngazi haraka mno. Dombek alikuja kati ya mierezi akiwa na rangi ya chungwa kuanzia kichwani mpaka magotini, bunduki imefunguliwa na haina kitu, na risasi zilikuwa zikimponyoka kiganjani zikidondoka kwenye theluji, asiziokote. Alipofika alimtazama Aili juu mpaka chini, koti la kahawia, leso. Kisha akakaa chini kwenye theluji.

"Nilikushika kwenye darubini," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoinama. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio."

Aili alitaka kumwambia kwamba hilo halifundishwi hivyo, kwamba darubini ya bunduki si ya kutazamia, kwamba kidole kinakaa nje mpaka ujue unachopiga. Lakini hakuwa na haki ya kuyasema hayo jioni hiyo.

"Mbona hukupiga?"

"Kibali changu ni cha kulungu dume tu," alisema. "Nilikuwa nangoja kuona pembe."

Naye Aili akakaa chini. Walikaa hivyo wakitazamana kama watu wawili walioanguka kutoka kwenye gari moja. Hatimaye Dombek akauliza kama mbwa ni mzima. Aili akasema ni mzima. Akamwuliza kwa nini siku ile aliuliza habari za mkia.

"Ili nisije nikampiga," alisema Dombek. "Sijawahi kuwinda penye mbwa. Nilitaka nijue nitakachokiona kikoje." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikutafuta, mama. Nilikwenda dukani kuuliza unakaa wapi. Yule mzee akaniambia kahawa imekwisha. Sikuwa nimemwomba kahawa."

Ndipo Aili akamweleza maana ya kitu cha mbwa kilichotundikwa kwenye nguzo. Alimweleza yote, mpaka la Musti, na mpaka aliyoyasema dukani na nani walikuwepo. Dombek alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisema kumbe ndiyo sababu ya bucha. Kumbe ndiyo sababu ya tairi. Kisha akainua uso.

"Ningekuua leo," alisema, "na kila mtu angesema nilifanya makusudi."

Ilikuwa kweli. Asingebaki hai mtu wa kumtetea. Mwenye ushahidi wote alikuwa Aili, na ushahidi wenyewe alikuwa ameutunga kwa mdomo wake mbele ya birika la kahawa.

Alimwomba jambo moja, kesho asubuhi aje dukani. Dombek alisema hataki kuliona duka lile tena. Aili akamwambia aje hata hivyo.

Alikuja. Aili alikuwa amesimama karibu na birika tangu kabla hajafika, amevaa rangi ya chungwa, na koti la kahawia amelishika mkononi. Wanaume walikuwepo wale wale. Dombek aliposukuma mlango mazungumzo yalikatika kama ilivyokuwa desturi sasa. Alisogea mpaka kaunta akasimama, na Onni bila kumtazama akasema kahawa imekwisha, ilhali birika lilikuwa likitoa mvuke kando ya kiwiko chake.

"Mmiminie," alisema Aili. "Nilikosea. Mbwa wangu alinasa kwenye mtego wa waya wa zamani, na huyu ndiye aliyemwokoa. Kamba aliikata ili mbwa apumue. Na jana jioni mimi nilikwenda kumchungulia, nikamfanya anishike kwenye darubini ya bunduki yake."

Onni akakiweka chini taratibu kitambaa cha kufutia kaunta.

"Alikuelekezea bunduki?"

"Onni, sikiliza nilichosema. Kosa lilikuwa langu. Sikuvaa rangi ya chungwa."

"Wewe?" alisema Onni. Mmoja wa wanaume akaguna. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama Aili. Wote walikuwa wakimtazama Dombek, na mmoja alikuwa amesogea akasimama kati yake na mlango. "Dada Aili, tunakujua. Mtoto wangu ulimrudisha nyumbani kwa ajili ya glavu nyeupe. Sasa uingie msituni jioni bila rangi?" Alishusha sauti, kwa upole kabisa, upole ule wa kumsemesha mgonjwa. "Amekutisha? Sema tu. Tuko hapa."

Aili aliwatazama mmoja mmoja. Ilikuwa kazi yake hiyo. Aliwakanya watu kwa miaka mingi mpaka hakuna aliyeweza kumwazia yeye kosa, na aliwaambia jambo moja la uongo ambalo walilimeza lote. Sasa aliwaambia la kweli, likawakwama kooni. Dombek alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, uso wake umefungwa kama siku ile ya mkate. Aili aliona wazi kwamba akitoka kwenye mlango ule sasa hivi, hatarudi, na watu hawa watafanya zaidi ya kutoa upepo wa tairi.

"Bunduki zenu ziko wapi?" aliuliza.

Walishangaa. Ziko kwenye magari, walisema. Zimefungiwa.

"Basi msitoke. Hata mmoja. Njooni kwenye dirisha la nyuma, na wewe Onni simama mbele."

Alivua koti la rangi ya chungwa akaliacha juu ya kaunta, akavaa lile la kahawia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alipita mapipa ya taka, akateremka mpaka ukingo wa kinamasi ambako majani makavu yalimfika kiunoni na miti myembamba ilisimama imekonda. Huko akafanya kama alivyofanya jana. Hatua mbili, akasimama, akasikiliza. Hatua mbili tena. Akainama, akakaa ameinama, duka kalipa mgongo. Baridi ilimwingia shingoni. Alihisi macho yao mgongoni, na hakuna aliyegonga kioo wala kuita.

Aliporudi ndani alikung'uta theluji miguuni. Walikuwa bado dirishani. Yule aliyekuwa amesimama mlangoni alikuwa ameondoka mlangoni.

"Haya, Onni," alisema Aili. "Tangu utotoni unawinda. Umeona nini?"

Onni aliendelea kutazama nje, pale kwenye majani, ingawa hapakuwa na kitu tena.

"Jike la kulungu," alisema.

Akageuka, akatoa kikombe kisafi chini ya kaunta, akakijaza mpaka juu, akakisukuma kuelekea kwa Dombek.